Hela ya Tabora: Nani Hufaidika Sarafu Inapopanda Bei?

Muhula uliopita, baada ya mhadhara juu ya Vita vya Kwanza vya Dunia katika Afrika ya Mashariki, mwanafunzi mmoja kutoka Tabora alinisubiri mlangoni. Alifungua kitambaa kilichokunjwa mara nne, akanionyesha sarafu ya shaba ya manjano iliyochakaa sana. Upande mmoja niliweza kutambua taji, mwaka 1916, herufi D.O.A. na chini yake herufi T. Upande wa pili palikuwa na namba 20 na neno Heller lililokwisha kufifia. "Mwalimu," aliniambia, "hii ni ya bibi yangu. Nimeona mtandaoni kwamba sarafu ya Tabora ya 1916 inauzwa kwa mamilioni. Bibi amenituma niulize kama ni kweli, maana paa la nyumba yake linavuja."

Nilimjibu kwamba alichokiona ni kweli, lakini hakikuihusu sarafu aliyoishika. Mwaka ule wa 1916, Tabora ilitoa sarafu za aina tatu: heller 5, heller 20 na rupia 15. Mbili za kwanza zilikuwa za madini ya kawaida na zilifuliwa kwa wingi ili zizunguke mikononi mwa watu. Ya tatu ilikuwa ya dhahabu, nazo zilifuliwa 16,198 tu. Hiyo ya dhahabu ndiyo inayogombewa katika minada ya Ulaya na Marekani kwa maelfu ya dola. Ile ya bibi yake, kwa hali iliyokuwa nayo, isingetosha kuezeka hata pembe moja ya nyumba. Kijana alitabasamu kwa haya, akaikunja tena sarafu yake katika kitambaa.

Swali lake halikuniondoka. Tunaposema sarafu ya kale imepanda bei, ni thamani ya kitu gani hasa iliyopanda? Na kwa nini sarafu mbili zilizotoka katika karakana moja, mwaka mmoja, chini ya serikali moja, zimepata majaaliwa tofauti namna hii?

Dhahabu ya serikali iliyokuwa ikikimbia

Turudi kwanza katika mazingira yaliyoizaa. Koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani liliingia vitani Agosti 1914 likiwa limezingirwa baharini na manowari za Uingereza. Sarafu zilizokuwa zikiletwa kutoka Ujerumani zikakatika. Rupia za fedha zikaanza kutoweka, kwa kuwa watu huficha fedha nzuri kila wanapohisi kwamba serikali inayumba. Utawala ukachapisha noti za muda, nyingine katika karatasi duni kabisa, kisha ukahamia bara, Tabora, mji ambao reli ya kati ilikuwa imeufikia mwaka 1912. Huko, katika karakana ya reli, ndiko kilikoanzishwa kiwanda cha dharura cha kufua sarafu. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, Iramba, katika mkoa tunaouita leo Singida.

Sarafu yenyewe inavutia, wala sioni sababu ya kulikana hilo. Upande mmoja yuko tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima; upande wa pili yuko tai wa dola ya Kijerumani. Ina uzito wa gramu 7.168, na robo tatu yake ni dhahabu, yaani gramu 5.376. Lakini maisha yake kama fedha yalikuwa mafupi mno. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora, na serikali iliyoifua ikaendelea kukimbilia kusini.

Ili tuelewe sarafu hiyo ilikuwa na maana gani kwa mtu wa kawaida, tufanye hesabu ndogo. Kodi ya nyumba ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1898, na kiwango chake cha kawaida vijijini kilikuwa rupia 3. Sarafu moja ya tembo ilikuwa sawa na kodi ya nyumba tano kwa mwaka mzima. Mkulima aliyetafuta rupia 3 kwa kuuza nafaka yake, au kwa kwenda kufanya kazi shambani kwa mlowezi, hakuwa mtu aliyekusudiwa kushika rupia 15 za dhahabu.

Fedha iliyomfikia mtu huyo ilikuwa heller. Mwaka 1904 serikali iliacha kuigawanya rupia katika pesa 64, ikaigawanya katika heller 100. Neno pesa lilikuja na biashara ya Bahari ya Hindi na likabaki. Neno hela tuliachiwa na sarafu hii ya Wajerumani, nalo limebaki pia. Dola ile imekufa, lakini kila siku, kutoka Mombasa hadi Mbeya, watu bado wanaulizana kama wana hela. Tembo wa dhahabu hakuacha neno lolote katika lugha yetu.

Yako pia majina mengine yaliyobaki. Vita vile viliendeshwa kwa mabega ya watu. Pande zote mbili ziliwachukua wanaume kubeba mizigo, na makumi ya maelfu yao walikufa, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kikosi cha wapagazi cha Waingereza ndicho kilichozaa majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Leo tunapokwenda Kariakoo kununua kitenge au simu, hatukumbuki kwamba soko hilo lina jina la watu ambao wengi wao hawakurudi kuulizia ujira wao.

Bei tatu ndani ya sarafu moja

Mtu anayetaka kuelewa mwenendo wa bei za sarafu za kale ni sharti atenganishe bei tatu zilizojificha ndani ya sarafu moja.

Ya kwanza ni bei ya madini. Kwa gramu 5.376 za dhahabu, rupia 15 za Tabora zilikuwa na dhahabu ya takriban dola 6 za Marekani wakati bei rasmi ilipokuwa dola 35 kwa wakia, kiwango kilichodumu tangu 1934 hadi mwaka 1971 Marekani ilipoacha kubadilisha dola kwa dhahabu. Januari 1980, dhahabu ilipofika dola 850, madini hayo hayo yalifika karibu dola 147. Agosti 2020, bei ilipovuka dola 2,000, yalizidi dola 345. Sarafu haikufanya lolote katika miaka hiyo yote. Kilichobadilika ni imani ya watu juu ya fedha za karatasi.

Ya pili ni bei ya uadimu. Sarafu 16,198 haziwezi kuongezeka. Zinaweza kupungua tu. Wanunuzi nao wameongezeka, hasa tangu minada ilipohamia katika intaneti na mnunuzi wa Zurich akaweza kushindana na wa Singapore bila yeyote kupanda ndege. Ndiyo sababu sarafu yenye dhahabu ya mamia ya dola huuzwa kwa maelfu. Uadimu wenyewe unatafutiwa matawi: rupia 15 za Tabora zina aina mbili, zinazotofautishwa na mahali pambo dogo linapoishia chini ya herufi za maandishi, na wakusanyaji hutaka zote mbili.

Ya tatu ni bei ya hali, na hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Mwaka 1949 Mmarekani William Sheldon alibuni kipimo cha hali ya sarafu kuanzia 1 hadi 70. Alikusudia namba hizo ziwe pia kipimo cha bei: sarafu ya daraja la 70 iwe na bei mara sabini ya ile ya daraja la 1. Hesabu hiyo ya bei ilipitwa na wakati upesi, lakini kipimo kilibaki. Kuanzia miaka ya 1980 kampuni za Marekani zilianza kupima sarafu kwa kipimo hicho, kuzifungia ndani ya visanduku vya plastiki na kuziandikia daraja. Tangu hapo mtu anaweza kununua sarafu bila kuishika wala kuijua. Ananunua namba iliyoandikwa juu yake. Tofauti ya daraja moja au mawili, ambayo jicho la kawaida haliioni, inaweza kuongeza bei maradufu.

Tazama sasa maana ya kipimo hicho. Daraja la juu hupewa sarafu ambayo haikutumika. Kila mkono ulioishika, kila mfuko ilimosuguana na nyenzake, kila kibanda cha chumvi ilikolipwa, umeipunguzia daraja. Katika soko hili, watu wakishaipitia sarafu wanahesabiwa kuwa uharibifu. Sarafu iliyokaa katika kasha la afisa ikapelekwa Ulaya bila kumgusa mtu ina bei kubwa. Iliyolipa kodi, iliyonunua unga, iliyofungwa katika pindo la kanga, haina bei. Kwangu mimi, mwalimu wa historia, ile iliyochakaa ndiyo yenye habari nyingi zaidi.

Je, sarafu adimu ni akiba nzuri?

Najua baadhi ya vijana wanaosoma ukurasa huu wameanza kuvutwa na matangazo yanayosema kwamba sarafu za kale hazishuki bei. Nawashauri wafanye hesabu kabla ya kuamini.

Chukueni mfano maarufu kuliko yote. Sarafu ya dhahabu ya Marekani ya dola 20 ya mwaka 1933 iliuzwa New York Julai 2002 kwa dola milioni 7.59. Sarafu hiyo hiyo iliuzwa tena Juni 2021 kwa dola milioni 18.9, bei ambayo haikuwahi kulipwa kabla kwa sarafu yoyote katika mnada. Magazeti yalishangilia. Lakini bei hiyo ni takriban mara mbili na nusu tu ya ile ya kwanza, katika miaka 19. Katika muda huo huo dhahabu ya kawaida ilitoka dola zipatazo 310 kwa wakia hadi karibu 1,900, yaani mara sita. Mtu aliyenunua vipande vya dhahabu visivyo na picha wala historia alipata faida kubwa kuliko tajiri aliyenunua sarafu mashuhuri kuliko zote.

Ongezeni hapo ada ya mnada, ambayo kwa mnunuzi hufika mara nyingi asilimia 20 au zaidi, na tume ya muuzaji. Ongezeni hatari ya sarafu bandia, maana tembo wa Tabora anaghushiwa. Kumbukeni pia kwamba mwishoni mwa miaka ya 1980 makampuni ya uwekezaji ya Marekani yalianzisha mifuko ya kununua sarafu, bei zikapaa, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 zikaporomoka. Anayetajirika kwa hakika katika soko hili ni dalali, kwa kuwa yeye hulipwa bei ikipanda na hulipwa bei ikishuka.

Sarafu ya Kilwa isiyo na tarehe

Tabora haikuwa mahali pa kwanza kufua sarafu katika nchi yetu. Karne nyingi kabla ya Mjerumani, masultani wa Kilwa walifua sarafu za shaba zenye majina yao kwa herufi za Kiarabu, upande mmoja ukikamilisha kina cha upande wa pili kama mishororo ya shairi. Sarafu hizi zimepatikana Kilwa na Mafia, mojawapo ilifukuliwa Zimbabwe Kuu, na mwaka 1944 askari wa Australia aliziokota tano katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Hata hivyo, minadani bei yake kwa kawaida huwa chini sana ya ile ya tembo wa Tabora. Ni shaba, ni ndogo, na nyingi zimechakaa.

Sarafu za Kilwa hazina tarehe wala jina la mji. Kwa hiyo, anayetaka kujua sultani fulani alitawala lini hulazimika kuangalia ilipopatikana: katika tabaka gani la udongo, karibu na vyungu gani, pamoja na sarafu gani nyingine. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, ilipatikana hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka nchi za mbali. Dinari hizo zilikuwa na tarehe, na ya mwisho kati yake ilikuwa ya karne ya 11. Humo humo zilikuwamo sarafu zenye jina la Ali bin al-Hasan. Mtawala ambaye wanahistoria walikuwa wamemweka karibu na mwaka 1200 ikabidi arudishwe nyuma zaidi ya karne moja. Historia ya dola nzima ya pwani ilibadilika kwa sababu sarafu zilipatikana pamoja na zikaachwa pamoja.

Kama mtu angezichimbua usiku akaziuza moja moja, dinari zingepata bei nzuri, zile za fedha zingepata bei kidogo, na sisi tungeendelea kufundisha tarehe isiyo sahihi. Hiyo ndiyo hasara ambayo hakuna orodha ya bei inayoionyesha. Sarafu iliyong'olewa mahali pake hubaki na madini, uadimu na hali, bei zote tatu. Kinachopotea ni ushahidi wake.

Soko lenyewe limeanza kulitambua hilo, japo kwa njia ya aibu. Oktoba 2020, mjini London, sarafu ya dhahabu ya Brutus inayoadhimisha kuuawa kwa Julius Caesar iliuzwa kwa zaidi ya pauni milioni 3.2. Baadaye waendesha mashtaka wa New York walibaini kwamba hati za asili yake zilikuwa za uongo, na mwaka 2023 ikarejeshwa Ugiriki. Leo karatasi inayothibitisha sarafu ilitoka wapi ni sehemu ya bei yake, na ndiyo maana karatasi nazo zinaghushiwa.

Sheria yetu na mwaka 1863

Kwa ndugu zangu watumishi wa umma, naomba tuitazame sheria yetu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Kwa hiyo sarafu za Kilwa zimo, na kuziuza au kuzipeleka nje bila kibali ni kosa. Rupia 15 za Tabora, heller za Tabora na noti zile za wakati wa vita haziingii humo zenyewe. Zinahitaji tamko maalumu la waziri. Ushahidi wa uchumi wa ukoloni, wa kodi, wa Maji Maji na wa vita vilivyowaua wapagazi wetu, uko nje ya mstari uliochorwa mwaka 1964.

Lakini hata kwa kile kilicho ndani ya mstari, sheria inayokataza tu haitoshi. Mvuvi wa Kilwa anayeokota sarafu ufukweni ana njia mbili: kuitoa serikalini bila kitu, pengine akaulizwa maswali kama mhalifu, au kumpa mpita njia kwa noti chache. Hatuwezi kumlaumu akichagua ya pili. Uingereza, kupitia sheria yake ya mwaka 1996, humlipa mtu aliyepata hazina fidia inayolingana na bei ya soko endapo makumbusho yataichukua, na ina maofisa wa kuandikisha vitu vidogo vinavyookotwa na raia. Sisemi tuige kila kitu. Nasema nchi ile ilitambua kwamba maskini hatatoa taarifa kwa uzalendo peke yake.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, mstari wa mwaka 1863 ufikiriwe upya, ili angalau sarafu na noti za kipindi cha ukoloni zilizofuliwa au kuchapishwa hapa zitambuliwe. Pili, kuwe na zawadi ndogo, ya haraka na isiyo na usumbufu, kwa yeyote atakayeleta kitu na kuonyesha mahali alipokipata. Tatu, na hili halihitaji bajeti kubwa, kila ofisi ya utamaduni ya wilaya iwe na daftari la kuandika vitu vya namna hii vilivyomo majumbani, bila kuwanyang'anya wenyewe.

Nilimwomba mwanafunzi wangu mambo mawili. La kwanza, asiisugue sarafu ile kwa mchanga wala limau, kwa sababu kuisafisha huiharibu na hushusha hata hiyo bei ndogo iliyo nayo. La pili, akae na bibi yake aandike kila analolijua juu yake. Baada ya wiki tatu aliniletea ukurasa mmoja na nusu. Bibi alikuwa ameipata kwa mama mkwe wake, ambaye aliipata kwa mumewe, mtu aliyechukuliwa kubeba mizigo wakati wa vita vya Wajerumani na akarudi akiwa na kikohozi na hela chache. Nyingine zilitumika. Hii ilibaki kwa kuwa siku alipotaka kuitumia dukani aliambiwa kwamba haipokelewi tena.

Hakuna mnada utakaoiongezea sarafu ile bei kwa sababu ya ukurasa huo. Lakini wanafunzi wangu wa muhula huu watausoma, na nimemwambia kijana ampelekee bibi salamu zangu. Sarafu imerudi kwake. Paa bado linavuja, nasi tunaendelea kutafuta namna ya kumsaidia.